Wi-Fi ya meshi nyumbani: namna ya kuifunga, na namna ya kumtafuta mchawi intaneti ikiwa nzito

Faiba huingilia sebuleni kwa sababu nguzo iko mbele ya nyumba, ukuta wa sebule ndio ulio karibu, na fundi ana nyumba nyingine za kumaliza kabla jua halijazama. Kisanduku kinapigiliwa nyuma ya televisheni, karatasi inasainiwa, kwaheri. Tangu siku hiyo anayekaa sebuleni anaogelea kwenye intaneti, na anayelala chumba cha nyuma ghorofani ananunua bando la simu ili aangalie video ndani ya nyumba yenye faiba.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya aina hiyo: ghorofa moja, kuta za bloku, slabu ya zege yenye nondo katikati, grili za chuma madirishani, pengine na vyumba vya uani. Iwe Mbezi, Tabata, Nyali au Syokimau, nyumba ni ileile. Nalisema hili mapema kwa sababu maboksi ya meshi huandikwa eneo linalofikiwa kana kwamba kila mtu anaishi kwenye nyumba ya mbao na bodi za jipsamu kama zile za Marekani. Zege lenye nondo halisomi boksi. Namba iliyoandikwa pale mimi huikata nusu, na bado najiona mkarimu.

Meshi yenyewe ni visanduku viwili au zaidi vinavyotumia jina moja la Wi-Fi na kuongea vyenyewe kwa vyenyewe. Kimoja, nitakiita nodi kuu, kinachomekwa kwenye kisanduku cha faiba. Nodi nyingine zinapokea kutoka kwake na kugawa pale zilipo. Ukitoka sebuleni kwenda chumbani, simu inahamia nodi ya karibu bila kukuuliza nenosiri. Meshi haiongezi hata Mbps moja (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) juu ya kifurushi ulicholipia. Inakisambaza tu, na ikifungwa ovyo inakisambaza kikiwa kimepungua.

Pima kabla ya kutoa pesa

Chukua laptop, iunge kwa kebo ya LAN, yaani waya wa mtandao, moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba, na uzime Wi-Fi ya laptop ili isije ikapitia hewani kimyakimya. Fungua fast.com au speedtest.net. Pima mchana, kisha pima tena saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa umerudi nyumbani. Andika namba zote mbili.

Kifurushi huuzwa kwa megabiti, lakini faili unaloshusha hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha Mbps 40 kikishusha faili kwa MB 5 kwa sekunde, hujaibiwa.

Baada ya hapo chomoa kebo, simama mita mbili kutoka kwenye kisanduku, pima kwa Wi-Fi. Nenda chumba cha nyuma, pima tena. Kama kwa waya unapata Mbps 38, ukiwa karibu 36, na chumbani 3, kinachokusumbua ni kuta, na meshi itakusaidia. Kama hata kwa waya unapata 9 kwenye kifurushi cha 40, usinunue chochote leo. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Kuchagua seti

Wi-Fi ya nyumbani hutumia zaidi bendi mbili. Ya GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole, tena imejaa majirani. Ya GHz 5 ni ya kasi, ila ukuta mmoja wa bloku unaichosha na slabu inaimaliza. Seti za bei nafuu huandikwa AC1200, yaani Mbps 300 za bendi ya kwanza zikijumlishwa na Mbps 867 za bendi ya pili. Hiyo ni kasi ya redio kwenye maabara. Ukikaa karibu na nodi ukapata nusu ya hiyo 867, shukuru.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni njia ya nodi kwa nodi. Kwenye seti ya bendi mbili isiyounganishwa kwa waya, nodi ya ghorofani inapokea kutoka chini kwa redio ya GHz 5, halafu inakupelekea wewe kwa redio hiyohiyo. Haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo yanakwenda kwa zamu, mithili ya barabara inayotengenezwa ambapo askari anaruhusu magari ya upande mmoja kwanza. Takriban nusu ya kasi inapotelea hapo. Ukiweka nodi ya tatu inayopokea kutoka kwa ile ya pili, unabaki na nusu ya nusu. Ndiyo maana mtu anaongeza nodi na intaneti inazidi kuwa nzito, kisha anaongeza nyingine.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni seti ya bendi tatu, ambayo ina redio ya ziada kwa mazungumzo ya nodi peke yake; bei yake inauma. Ya pili ni kuziunganisha nodi kwa waya, na hii ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zote. Seti ya kawaida yenye waya huishinda seti ya kifahari isiyo nao, na tofauti ya bei inanunua kebo na kumlipa fundi.

Kwa nyumba niliyoieleza, nodi mbili zinatosha: moja chini, moja juu. Uani ni nodi ya tatu, kwa waya.

Dukani geuza boksi, usome matundu ya LAN. TP-Link Deco E4 na Deco M4 zote ni AC1200 na kwa macho zinashabihiana, ila E4 ina matundu ya Mbps 100 na M4 ina ya gigabit, yaani Mbps 1000. Kwa kifurushi cha Mbps 30 hutaona tofauti yoyote. Kwa kifurushi cha Mbps 200, E4 itakukatia njia nusu na utaishia kumlaumu mtoa huduma. Kama unanunua kipya na mfuko unaruhusu, chukua cha Wi-Fi 6, kizazi kipya kuliko AC. Kinakimudu vizuri zaidi chumba chenye simu nyingi. Wi-Fi 7 kwa laini ya Mbps 50 ni fahari tu.

Kuhusu zile za mitumba kutoka nje: soma kibandiko cha adapta. Ikiandikwa 100–240V, iko salama. Ikiandikwa 120V pekee, usiichomeke. Na kwa eero au Google Nest Wifi, hakikisha mwenyewe wa kwanza ameiondoa kwenye akaunti yake, la sivyo umenunua pambo la meza.

Waya kwanza

Kabla ya kufikiria kutoboa ukuta, tafuta bomba la plastiki lililopitishiwa kebo ya dishi la televisheni. Nyumba nyingi zinalo, kutoka sebuleni kwenda juu ya dari au chumba kikubwa cha kulala, na mara nyingi lina nafasi ya kebo moja zaidi. Funga kebo ya LAN kwenye waya wa kuvutia, mtu mmoja asukume, mwingine avute. Bomba la umeme liache. Kebo ya LAN haipiti pamoja na nyaya za volti 230, kwanza kwa usalama wako, pili kwa sababu umeme unaiingilia.

Kebo ya Cat 5e hubeba gigabit hadi mita 100. Cat 6 ni nzuri zaidi na bei haitofautiani sana. Cha kuogopa ni kebo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo zimejaa madukani. Baadhi huandikwa CCA kwenye ganda, nyingine haziandikwi kitu. Omba kipande, menya waya mmoja mwembamba, kwangua kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Nyaya hizo hukatika zikikunjwa kidogo, na siku nodi inaanza kukatika-katika hakuna atakayekumbuka kebo.

Mpangilio wa rangi kwenye kichwa cha kebo, kidoko (kile kiplastiki cha kubonyeza) kikiwa upande wa nyuma, meno ya shaba yakikutazama na kebo ikining'inia chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe hivyohivyo. Gigabit inahitaji jozi zote nne. Waya mmoja wa jozi ya bluu au ya kahawia usipogusa vizuri, vifaa hukubaliana kushuka hadi Mbps 100 bila kumwambia mtu. Dalili yake ni ya wazi kabisa: kipimo cha kasi kinaganda kwenye 93, 94, 95, asubuhi na usiku, hakipandi wala hakishuki. Ukiona hivyo kwenye kifurushi kikubwa zaidi ya 100, kata vichwa vya kebo, piga vipya, kabla hujagusa kitu kingine.

Kebo inayotoka nje kwenda uani iwe ya nje, yenye ganda jeusi linalostahimili jua. Ile ya kijivu ya ndani hupasuka juani, maji ya mvua yakafuata. Na mawingu ya radi yakikusanyika, ichomoe pande zote mbili. Radi ikipiga jirani, kebo hiyo huupitisha mshtuko hadi kwenye nodi kuu.

Kama waya hauwezekani

Umepanga na mwenye nyumba hataki kusikia habari za kutoboa. Basi mahali pa nodi ndipo penye kazi yote.

Watu huiweka nodi ya pili ndani ya chumba ambacho Wi-Fi haifiki. Pale nodi nayo haisikii kitu. Itakuonyesha vijiti vyote kwenye simu, kwa sababu simu iko mita mbili kutoka kwake, lakini yenyewe inapokea kwa tabu kutoka chini, na unabaki na Wi-Fi iliyojaa isiyofungua hata picha. Nodi ikae katikati ya njia, mahali ambapo bado inaisikia nodi kuu vizuri.

Simu itakusaidia kupima. Pakua WiFiman ya Ubiquiti, ni ya bure, inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu: −45 ni karibu kabisa, −65 bado ni nzuri, −75 inachechemea, −85 imekufa. Unga simu kwenye GHz 5 ya nodi kuu, tembea taratibu kuelekea kule unakotaka kufikisha, na simama namba inapofika −60 au −65. Nodi ya pili inakaa hapo.

Kwenye nyumba ya ghorofa mahali hapo karibu kila mara ni kwenye ngazi. Slabu ni adui, lakini ngazi ni tundu kubwa ndani ya slabu. Nodi kuu ikionekana kutoka chini ya ngazi, na ya pili ikawa kibarazani juu ya ngazi, zege unalikwepa badala ya kupigana nalo. Kama kebo fupi ya faiba inakubana nyuma ya televisheni, sogeza nodi kuu kwa kebo ya LAN ya mita 5 au 10. Kisanduku cha faiba kibaki palepale.

Iweke kwenye usawa wa kifua, hewani. Isikae ndani ya kabati la televisheni, wala sakafuni, wala nyuma ya friji. Tangi la maji juu ya dari humeza mawimbi. Kioo kikubwa cha kabati la nguo huyarudisha, na mlango wa chuma vilevile. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi kwenye takriban GHz 2.45, kwa hiyo nodi isipakane nayo. Hata mama mkwe akisema pale juu ya maikrowevu ndipo inapopendeza.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Unga nodi kuu kwenye kisanduku cha faiba kwa kebo fupi. Angalia tundu: visanduku vingi vina tundu moja tu la gigabit, huwa LAN1, na mengine ni ya Mbps 100. Herufi GE ni gigabit, FE ni 100.

2. Pakua programu ya kampuni iliyotengeneza seti. Washa Bluetooth na ruhusa ya mahali ulipo kwenye simu. Bila hizo programu nyingi hazioni nodi, na utadhani umeuziwa mbovu.

3. Programu ikikuuliza nodi kuu ifanye kazi kama ruta au kama "Access Point" (kigawa Wi-Fi tu, kisichogawa anwani), hapa tulia. Kisanduku cha faiba tayari ni ruta. Ukichagua ruta, zinakuwa ruta mbili, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikigawa anwani zake. Kuvinjari na video havitajali. Michezo ya mtandaoni, kamera za CCTV unazotaka kuzitazama ukiwa kazini, na VPN za ofisi (njia za siri za kuingia mtandao wa kazini) ndizo zitakazolalamika. Kwa nyumba nyingi chagua "Access Point". Kasoro yake ni kwamba mara nyingi unapoteza vidhibiti vya watoto na vya kugawa kasi. Ukivitaka hivyo, bakiza nodi kama ruta, kisha umwombe mtoa huduma akigeuze kisanduku chake kiwe daraja tu, kisigawe anwani.

4. Andika jina na nenosiri lilelile la Wi-Fi ya zamani. Televisheni, printa na simu za wageni wa kila Jumapili zitaunganika zenyewe. Usalama chagua WPA2/WPA3 kwa pamoja; WPA3 pekee huvifungia nje vifaa vya zamani.

5. Ongeza nodi ya pili ikiwa chumba kimoja na nodi kuu. Ikishaungana, ichomoe, ipeleke mahali pake. Kama inatumia waya, sasa ndipo uchomeke kebo. Kebo itoke kwenye nodi kuu, au kwenye swichi ya mtandao (kisanduku cha kugawa kebo za LAN) iliyo nyuma ya nodi kuu. Nodi kuu ikiwa ruta na wewe ukaichomeka nodi ya pili moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba, umeiweka nje ya mtandao wake.

6. Fungua programu uhakikishe imeandika kwamba njia ya nodi hiyo ni ya waya. Wakati mwingine kebo imechomekwa na nodi bado inaongea hewani.

7. Sasisha programu endeshi ya nodi zote.

8. Zima Wi-Fi ya kisanduku cha faiba. Ingia kwa kivinjari. Anwani iko kwenye kibandiko cha nyuma, kwa Huawei mara nyingi ni 192.168.100.1 na kwa ZTE 192.168.1.1. Zima bendi zote mbili. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na matokeo yake ni simu kung'ang'ania Wi-Fi ya kisanduku hadi chumba cha nyuma huku nodi mpya ikitazama. Kisanduku kikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, Wi-Fi hiyo inafufuka, kwa hiyo fundi akipita, kagua.

9. Tengeneza mtandao wa wageni wenye nenosiri lake. Nyumba imejaa watu wa harusi? Wape huo.

Umeme

Umeme ukikatika, nodi zinazima, zikirudi zinachukua dakika kadhaa kupatana. Mini-UPS, yaani betri ndogo ya akiba, ya volti 12 inaondoa kero hii kwa bei ya kawaida. Soma adapta ya kila kifaa: volti ziwe sawasawa na za mini-UPS, na ampea za mini-UPS ziwe sawa au zaidi. Ukiwa na mini-UPS moja tu, ipe kisanduku cha faiba na nodi kuu, kama ina matundu mawili na ampea zinatosha kwa jumla. Nodi ya juu inaweza kusubiri. Kisanduku cha faiba kikizima, hakuna meshi duniani itakayokuletea intaneti.

Intaneti ikiwa nzito

Kosa la kwanza ni kuzima na kuwasha kila kitu kwa pamoja. Huenda ikasaidia, lakini hutajua ilikuwa nini, na kesho itarudi. Njia ya intaneti ina vipande vinne: kutoka nje hadi kisanduku, kisanduku hadi nodi kuu, nodi kuu hadi nodi ya pili, na nodi hadi kifaa chako. Pima kipande kimoja kimoja ukianzia nje. Laptop kwa kebo kwenye kisanduku; kisha kwa kebo kwenye nodi kuu; kisha kwa kebo kwenye nodi ya pili; mwisho kwa Wi-Fi chumbani. Pale namba inapoanguka ndipo mchawi alipo.

Kwenye Windows kuna njia ya haraka zaidi. Fungua Command Prompt, andika ipconfig, tafuta namba ya "Default Gateway", yaani anwani ya ruta yako. Kisha andika ping ikifuatwa na namba hiyo na -n 50; amri hii hutuma ujumbe mfupi mara 50 na kupima muda wa kila jibu. Majibu yakirudi kwa milisekunde chache bila kurukaruka, ndani ya nyumba uko salama. Yakiruka hadi 200 au mengine yasirudi kabisa, tatizo ni Wi-Fi yako, mtoa huduma hahusiki. Rudia kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba. Ya ndani ikitulia na ya nje ikarukaruka, sasa una neno la kumwambia mtoa huduma. Amri ya netsh wlan show interfaces nayo inaonyesha uko kwenye bendi na chaneli gani, na kwa kasi gani ya redio.

*Chumba kimoja kinasumbua, vingine safi.* Angalia kwenye programu simu hiyo imeungana na nodi ipi. Simu nyingine huishikilia nodi ya mbali hata ikiwa imelala kando ya iliyo karibu. Zima Wi-Fi ya simu, iwashe tena. Ikirudi kwenye nodi sahihi na kasi ikarudi, umepata jibu. Ikijirudia kila siku, punguza nguvu ya mawimbi ya nodi kuu kama programu inaruhusu.

*Kifaa kimoja tu ni kizito.* Huenda hakijui GHz 5. Simu nyingi za bei nafuu na kamera nyingi ndogo za usalama ni za GHz 2.4 tu. Angalia pia kama kina VPN iliyosahauliwa.

*Kasi ni nzuri lakini simu za WhatsApp zinakatika.* Huyu ni mchawi mjanja. Kuna simu inapandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, inaijaza njia ya kupandisha, na sauti yako inasubiri kwenye foleni ndefu. Mdhihirishe: anzisha ping ya 8.8.8.8, kisha tuma video kubwa. Ping ikipaa kutoka makumi hadi mamia, ndiye. Weka kidhibiti cha kasi kwenye ruta, kikomo kiwe kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima kwa waya, kupanda na kushuka. Utapoteza Mbps chache, mazungumzo yatatulia.

*Jioni tu, kwenye majengo ya ghorofa.* Fungua WiFiman uone majirani. Kwenye GHz 2.4 ni chaneli 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana, na upana uwe MHz 20. Anayeweka 40 anajiumiza na kuumiza wenzake. Hamisha vifaa vyote unavyoweza kwenda GHz 5, upana MHz 80.

*Nodi hupotea dakika moja kisha inarudi.* Kwenye GHz 5, chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada. Nodi ikidhani imesikia rada, lazima ihame, na kabla ya kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo husikiliza kwa angalau sekunde 60. Ukiishi karibu na uwanja wa ndege hili litakutokea. Chagua chaneli kati ya 36 na 48.

*Nyumba nzima, hata kwa waya.* Toka nje ya nyumba kimawazo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao wakasota na intaneti ya kukwama kwa siku kadhaa. Siku hiyo wako waliorudisha ruta zao kwenye hali ya kiwandani, na wala hazikuwa na kosa. Kwenye speedtest.net unaweza kuchagua seva: pima na iliyo mjini kwako, kisha na ya Ulaya. Ya karibu ikiwa na kasi kamili na ya mbali ikiwa hoi, hakuna cha kufungua kwa bisibisi.

Ikiwa hata seva ya karibu ni nzito kwa waya, fungua ukurasa wa kisanduku cha faiba utafute sehemu ya taarifa za mwanga, kwenye mstari wa "Rx Optical Power". Kwa faiba ya kawaida ya majumbani namba hiyo inapaswa kuwa kati ya −8 na −27 dBm. Ikiwa −22, mwanga uko vizuri na msongamano uko kwa mtoa huduma. Ikiwa −28 au dhaifu zaidi, kebo imekunjwa, kichwa kina vumbi, au panya wa darini ameshafika. Angalia kama kochi halijaibana kebo nyembamba ya faiba ukutani, inyooshe taratibu, soma tena namba. Usikichungulie kichwa cha kebo kwa jicho. Mwanga wake hauonekani, na unaweza kudhuru macho. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa.

Ukipiga simu huduma kwa wateja, dada wa upande wa pili atakuambia uzime ruta na kuwasha. Mwambie umeshafanya hivyo, kisha msomee kwa utulivu: kipimo cha waya mchana na cha saa mbili usiku, pamoja na tarehe, ping ya ndani na ya nje, na namba ya mwanga. Omba namba ya tiketi. Fundi atakayekuja awe na kipima mwanga, na kabla hujamsainia karatasi yake, fungueni pamoja ule ukurasa wa kisanduku msome namba upya.